Mvua ya Maeneo Machache: Niliyojifunza Juu ya Mapaa ya Tampa

Paa likishafunguliwa halina subira. Vigae vya zamani vikishang'olewa, kinachobaki kati ya mvua na sebule ya mwenye nyumba ni mbao nyembamba zenye mianya, pamoja na turubai, kama kuna aliyekumbuka kulipandisha. Ndiyo maana fundi wa kuezeka hapa Tampa, jimbo la Florida, huifuatilia hali ya hewa kuliko hata mvuvi. Mvuvi akiona wingu baya anaweza kugeuza mashua. Sisi wingu linatukuta na nusu ya nyumba iko wazi, mwenyewe yuko kazini, na runinga yake inatutazama kutoka chini.

Tangu nipewe usimamizi wa kikosi, swali langu la kila alfajiri kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Oktoba ni lilelile: leo tung'oe paa zima, tung'oe upande mmoja, au tusiguse kabisa? Utabiri wa kwenye simu haulijibu. Msimu mzima unaonyesha picha moja, jua limechungulia nyuma ya wingu lenye mshale wa radi, na chini yake asilimia 40, au 50, au 60. Mgeni akiitii picha hiyo hafanyi kazi mpaka majira ya baridi. Akiipuuza, ataharibu dari za watu.

Hiyo asilimia ndiyo inayowagombanisha watu na watabiri, kwa hiyo nianze nayo. Idara ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani ikisema asilimia 40, ina maana kwamba mahali popote utakapopachagua ndani ya eneo linalotajwa, pawe ni paa langu au la jirani, pana nafasi 40 kati ya 100 ya kupata walau robo milimita ya maji katika muda huo. Basi. Haisemi kwamba mvua itachukua asilimia 40 ya siku, wala haisemi itakuwa nzito kiasi gani. Robo milimita hulowesha lami ikakauka kabla hujamaliza kikombe cha kahawa. Wingu hilohilo, kilomita tatu mbele, linaweza kumwaga milimita 50 ndani ya saa moja. Kwa hesabu ya asilimia, kote kuwili kumenyesha.

Asilimia, kwa kifupi, ni habari ya eneo, na mimi nina paa moja.

Nyumbani Tanga tulikuwa tukisikia redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa: mvua na ngurumo za radi katika maeneo machache, na vipindi vya jua. Wazee walikuwa wakicheka barazani, "Maeneo machache ndiyo wapi hayo? Si waseme hawajui." Leo nikiwa na ngazi begani nawaelewa watabiri. Wanajua mengi sana kuhusu siku hiyo. Wasichoweza kukuambia saa kumi na mbili asubuhi ni mtaa gani utapigwa saa tisa alasiri, kwa sababu wingu lenyewe halijazaliwa, na likizaliwa halitaishi hata saa moja.

Florida imekaa vibaya, au imekaa vizuri, inategemea unauza nini. Ni rasi yenye upana wa kama kilomita 200 tu, Ghuba ya Meksiko upande wa magharibi na Atlantiki upande wa mashariki. Wakati wa kiangazi cha huku, Juni mpaka Agosti, maji ya Ghuba hufika nyuzi 30 za Selsiasi, hewa imelowa kama ya Pwani yetu mwezi wa Machi. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huingia kuchukua nafasi. Hapa huingia kutoka pande mbili. Kila upepo wa bahari unapoingia barani hujipenyeza chini ya hewa ya moto na kuiinua, ndipo mawingu yanapojipanga mstari. Mistari miwili ikikutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Wingu lililokuwa pamba saa saba, saa nane limefika kilomita 12 au zaidi na linanguruma. Tampa hupata siku za radi zaidi ya 80 kwa mwaka, na nyingi ni za namna hii.

Wingu moja lina maisha ya namna gani, hilo lilichunguzwa hapahapa. Mwaka 1946, vita vikuu vimekwisha na ndege za kijeshi zipo, watafiti wakiongozwa na Horace Byers walirusha ndege za P-61 kukatiza ndani ya mawingu ya radi ya Florida, kila ndege kwa kimo chake. Mwaka uliofuata wakahamia Ohio. Byers na mwenzake Roscoe Braham wakaeleza kwamba chembe moja ya wingu la radi, yaani mnara mmoja wa hewa inayopanda na kushuka, ina hatua tatu: kwanza hewa yote inapanda, kisha mvua inashuka huku hewa nyingine bado inapanda, mwisho hewa inayoshuka inatawala na wingu linakatika pumzi.

Mimi si mwanasayansi, lakini nimeitumia habari hiyo juu ya paa kuliko chombo chochote. Fundi mpya hutazama wingu jeusi linalomwaga maji kilomita nane kutoka tulipo na kuanza kuhesabu dakika za kufika kwake. Wingu linalomwaga maji, mara nyingi, limeshaanza kufa. Hewa baridi inayoshuka nalo hugonga ardhi na kutawanyika pande zote, na pale ukingo wa ubaridi huo unapoinua hewa ya moto ndipo linapozaliwa jingine. Kwa hiyo silitazami wingu lenyewe. Natazama upepo wake umeelekea wapi, na kama mbele ya upepo huo kuna hewa ambayo haijalowa leo. Mara nyingi mvua iliyotufunga kazi haikutoka kwa wingu tulilokuwa tukiliogopa. Ilitoka kwa mtoto wake aliyeota juu ya vichwa vyetu ndani ya dakika 20.

Kazi yangu ya utabiri huanza usiku, na haianzi na mvua. Huanza na upepo wa juu, ule wa kimo cha kilomita moja mpaka tatu hivi, kwa sababu ndio unaoamua ni pwani ipi itakayolipa. Juu ya Atlantiki wakati wa kiangazi hukaa eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa, na mgongo wake hunyooka mpaka Florida. Mgongo ukilala kaskazini yetu, upepo huvuma kutoka mashariki. Upepo wa bahari wa Atlantiki unapata msukumo, unavuka rasi nzima, na unakuja kukutana na ule wa Ghuba karibu na kwetu. Hapo Tampa hupigwa jioni, na hupigwa kwelikweli. Mgongo ukilala kusini, upepo huja kutoka kusini magharibi. Hapo radi kubwa za alasiri husukumwa ndani, kuelekea Orlando na pwani ya Melbourne, na sisi tunafanya kazi tukitazama vichwa vyeupe vya mawingu ya wenzetu. Mgongo ukiwa juu yetu na upepo ukawa mdogo, pepo mbili hukutana katikati, karibu na Lakeland, na kutoka hapo kila wingu linajiamulia.

Mvua hizi ni kama wamachinga wa jioni. Huwezi kumtaja nani atatandika wapi, lakini ukijua barabara zipi zinakutana na watu wanatoka kazini saa ngapi, hukosi kujua biashara itachangamkia njia panda gani.

Habari za mgongo huo sizitoi kichwani. Ofisi ya idara ya hali ya hewa iliyoko Ruskin, kusini kidogo ya Tampa, huandika kila siku maelezo marefu ya mtabiri aliyeko zamu: anaona nini, anatilia shaka nini, modeli gani, yaani hesabu za kompyuta za utabiri, zinapingana. Ni maandishi matupu, hayana rangi wala picha, na nadhani ndiyo maana watu wengi hawajui kama yapo. Kiingereza chake ni kigumu mwanzoni. Nilisoma polepole, neno gumu nikiliandika pembeni, mpaka nikaanza kumjua mtabiri mwoga na mtabiri jasiri kwa namna wanavyoandika. Ukinipa nichague kati ya maandishi yale na programu zote za simu yangu, nachukua maandishi.

Asubuhi kuna puto. Ofisi hiyohiyo hurusha puto mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, likiwa na kifaa kinachopima joto, unyevu na upepo mpaka juu kabisa. Mimi huangalia mambo mawili tu. La kwanza ni maji yote yaliyomo angani juu ya kichwa chako, kama yangeshushwa yote chini. Milimita 50 ni kawaida ya hapa katikati ya kiangazi. Yakishuka chini ya 38 hivi, mawingu mengi hukauka kabla hayajakua. La pili ni ubaridi wa kule juu, kwenye kimo cha karibu kilomita sita. Kukiwa na baridi kuliko kawaida, hata nyuzi mbili tu, wingu likianza kupanda halishikiki, na radi zake huja na upepo wa kung'oa maturubai.

Kuna wiki ambazo anga hubadilika rangi ikawa kama maziwa yaliyotiwa maji, na machweo yakawa mekundu kupita kiasi. Hilo ni vumbi la Sahara, limevuka Atlantiki nzima likiwa ndani ya hewa kavu na ya moto. Hewa hiyo hukaa juu kama kifuniko na mawingu huchoka mapema. Bosi anapenda sana wiki hizo. Mimi pia, ingawa juu ya paa joto huwa la kuua mtu, na kikosi kinakunywa maji mpaka unashangaa yanakwenda wapi.

Modeli nazo nazitazama, hasa ile ya HRRR inayoendeshwa upya kila saa na inayogawa nchi katika vyumba vya kilomita tatu. Ukiifungua saa moja asubuhi itakuchorea doa jekundu zuri juu ya Brandon, mashariki ya Tampa, saa tisa. Saa mbili, doa limehamia Clearwater, magharibi kabisa kwenye pwani ya Ghuba. Mwenye pupa atasema haina maana. Maana ipo, ila haimo kwenye doa. Imo kwenye kile kisichobadilika kati ya mchoro na mchoro: mistari inajitokeza saa ngapi, inaelekea upande gani, na mvua inakatika saa ngapi usiku. Michoro minne mfululizo ikikubaliana kwamba pwani yetu itachelewa mpaka saa kumi na moja, nitang'oa paa zima asubuhi bila moyo kwenda mbio.

Kuanzia saa tano naacha kusoma na kuanza kutazama. Picha za setelaiti hapa hutoka kila dakika tano, na kwenye picha hizo upepo wa bahari unaonekana wazi: ukanda wa pwani unasafika, hauna hata kipande cha wingu, halafu ghafla mstari wa mavundevunde, halafu bara lenye madoadoa. Kwenye rada pia kuna uzi mwembamba hafifu mahali penye mstari huo hata kama hakuna tone la mvua. Wanasema ni wadudu waliokusanywa na upepo, rada inawaona. Uzi huo hutembea polepole, mara nyingi kilomita 10 mpaka 20 kwa saa, kwa hiyo unaweza kukadiria utafika kwako lini.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni kwamba uzi ukishalipita paa lako, umeingia kwenye hewa ya baharini iliyotulia. Juu yako panakuwa peupe na unaweza kufanya kazi saa nzima au mbili bila wasiwasi. Lakini hilo linategemea upepo wa juu niliousoma usiku. Upepo ukitoka magharibi, mstari ukipita umepita, mvua imekwenda kwa wengine. Upepo ukitoka mashariki, ule weupe ni wa kukopeshwa. Mawingu yanakua kwenye mstari wenyewe, kilomita 30 ndani ya bara, kisha yanarudishwa kwetu yakiwa makubwa.

Kijana mmoja wa Mombasa aliyejiunga nasi alinipinga siku kama hiyo. Saa tisa, anga bluu tupu, nikaagiza tufunge. "Kaka, jua lawaka hivi, kwani twafungia nini?" Nikamwonyesha mashariki, juu ya minazi ya jirani, pale ambapo ukungu mweupe mwepesi ulikuwa umeanza kutambaa juu kabisa. Huo ulikuwa ukingo wa kichwa cha wingu, kile kinachotandazwa na upepo wa kimo cha juu. Nikamwambia atazame pia bendera ya shule iliyo ng'ambo ya barabara, ambayo tangu saa sita ilikuwa ikielekea bara. Kabla hatujamaliza kupigilia karatasi ya kuzuia maji, bendera ililegea, ikageuka, ikaelekea baharini, na upepo uliotupiga usoni ulikuwa baridi. "Haya, kaka," akasema, akaenda kuchukua turubai la pili.

Upepo kugeuka na kupoa ndiyo taarifa ya mwisho utakayopewa. Baada ya hapo una dakika 10, pengine 20. Ndiyo sababu nimeacha kupima kazi kwa ukubwa wa paa. Napima kwa kiasi ambacho kikosi changu kinaweza kukifunika ndani ya dakika 15, na siku ya upepo wa mashariki sifungui zaidi ya hapo baada ya saa sita mchana, hata mwenye nyumba akinuna. Kampuni moja iliyokuwa mtaa wa nyuma yetu ilifungua nyumba nzima saa saba siku ya namna hiyo. Tulikuwa ndani ya gari letu wakati wale vijana wanahangaika na maturubai yanayopaa. Hakuna aliyecheka garini.

Radi yenyewe sina mjadala nayo. Florida ndiyo inayoongoza Marekani kwa watu wanaouawa na radi, na mtu aliyesimama juu ya paa karibu na ngazi ya alumini amejitangaza. Mshale unaweza kupiga kilomita 15 mbali na mahali penye mvua, chini ya anga ambalo ungeliita safi. Ngurumo ikisikika, wote chini, na hatupandi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Vijana wanaolipwa kwa kipande hawaipendi sheria hii. Wananung'unika, wanacheza karata garini, na nawaacha wanung'unike.

Kwa mwenye nyumba siitumii asilimia hata kidogo. Namwambia: leo mvua za upande wetu zinatarajiwa kuchelewa, kuanzia saa kumi, tutafungua upande wa nyuma tu, na saa nane utakuwa umefunikwa, ikija mapema kuliko hapo, maturubai haya hapa. Watu huelewa saa na upande. Mama mmoja mzee, mwenyeji wa St. Petersburg, jiji jirani na Tampa, tangu kuzaliwa, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniambia hayo yote baba yake alikuwa akiyajua kwa kutazama moshi wa bomba la kiwanda unaelekea wapi asubuhi. Sikumbishia. Upepo ndio huohuo.

Binamu yangu wa Mwanza huniuliza kama mambo haya yana kazi kwao. Yana kazi kubwa kuliko kwangu. Ziwa Victoria lina upepo wake wa ziwa mchana na wa nchi kavu usiku, ila huko usiku pepo za nchi kavu hutoka kingo zote na kukutana juu ya maji, na radi huzaliwa mahali ambapo wavuvi wako kazini na taa zao. Mimi nikikosea nalipa dari. Sasa Mwanza kuna rada, na kwa mtu anayejua kusoma upepo wa jioni, rada ile ni mali. Binamu yangu ananisikiliza, kisha anasema wavuvi wengi hawana bando la kufungulia picha. Hilo ni suala jingine, na ni zito.

Siku zinazotesa kuliko zote hapa si zile za radi kubwa za jioni. Ni zile za upepo wa kusini magharibi wenye nguvu kidogo. Usiku mawingu hukusanyika juu ya Ghuba, bahari ikiwa bado na joto, na alfajiri upepo huyasukuma nchi kavu. Radi zinatua Clearwater na St. Petersburg wakati watu wanapika mayai, saa ambayo fundi wa kuezeka amezoea kuiamini. Kufika saa nne zimeshaingia bara, pwani inafunguka, na alasiri yote, ambayo siku nyingine ingekuwa ya hatari, inakuwa yetu. Siku hizo nawaambia vijana waje saa nne na tufanye kazi mpaka jua litue. Daima kuna anayefika saa kumi na mbili na nusu kwa mazoea, akanikuta kwenye gari, mvua inapiga bodi, na kuniuliza mbona hatuanzi. Nampa maturubai ya jana ayakunje.